Mswada Usioonekana: Uchambuzi wa Kisa cha Idries Shah

Abunuwasi alikwenda kwa jirani kuazima sufuria. Kesho yake akairudisha ikiwa na kisufuria ndani. "Sufuria yako ilikuwa na mimba, imejifungua salama," akasema. Jirani akafurahi, akapokea mama na mtoto, hakuuliza neno. Siku zikapita, Abunuwasi akaazima tena, na safari hii akakaa nayo. Jirani alipokuja kudai, akapewa mkono wa pole: sufuria imefariki. "Sufuria ya shaba itakufaje?" akafoka. "Ulipoambiwa imezaa ulikubali," akajibiwa. "Kinachozaa hufa."

Bibi yangu alitusimulia kisa hiki jamvini baada ya isha, na kwa miaka mingi niliamini ni chetu, watu wa pwani. Nikaja kukikuta kwa Waturuki, mwenyewe akiitwa Nasreddin Hoja. Waajemi na Waafghani wanamwita Mulla Nasruddin, Waarabu wengi wanamwita Juha. Hata jina la Abunuwasi wetu ni la mshairi wa kweli wa Baghdad, wa zama za Harun al-Rashid, na visa vya watu wote hao vimeingiliana hata huwezi kuvitenga tena. Nani alianza, hakuna ajuaye. Wala bibi hakuulizwa alikipata wapi. Alisema "Paukwa!", tukaitikia "Pakawa!", hadithi ikaenda.

Katikati ya karne ya 20 alitokea mtu aliyezichukua hadithi za namna hii, za Mulla na za madarweshi, yaani mafakiri wa kisufi, akaziweka mikononi mwa wasomaji wa Uingereza na Marekani kwa wingi ambao haujawahi kuonekana. Aliitwa Idries Shah. Vitabu vyake inasemekana vimeuzwa nakala zaidi ya milioni 15. Wapo wanaomhesabu kuwa mwalimu mkubwa wa zama zake, na wapo wanaomwona mtu aliyeuza usufi, yaani njia ya kiroho ya Waislamu, uliokatwa mizizi. Nimezisoma pande zote mbili kwa muda mrefu, na msimamo wangu nautoa mapema: hadithi alizozileta zilikuwa na nguvu zake zenyewe na zilitosha. Kilichomharibia ni kuzibebesha nasaba na hati ambazo zilipodaiwa hazikuonekana.

Nyumba aliyotoka

Shah alizaliwa 1924 huko Simla, India, enzi za Waingereza. Baba yake, Sirdar Ikbal Ali Shah, alikuwa wa ukoo wa masayyid wa Paghman, Afghanistan, uliohamia Sardhana kaskazini mwa India. Mama yake alikuwa Mskoti. Mtoto akalelewa pembezoni mwa London, na vita vilipowashukia kwa mabomu familia ikahamia Oxford. Nyumba yenyewe ilikuwa ya waandishi: baba aliandika vitabu vingi vya kuwaeleza Waingereza Uislamu na nchi za mashariki, dada yake Amina akawa mkusanyaji wa hadithi, na kaka yake Omar Ali-Shah, ambaye tutakutana naye mbele, alikuwa na njia yake mwenyewe ya kufundisha usufi.

Vitabu vya kwanza vya Idries, miaka ya 1956 na 1957, vilihusu uchawi wa mashariki na safari ya Makka. Havikumvumisha. Mwaka 1960 alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Octagon Press, na Januari 1961 akakutana na mshairi Robert Graves kwenye kisiwa cha Mallorca. Graves alikuwa na umri wa miaka 65, ana jina kubwa, na mlango wake ukifunguka mingine yote inafunguka. Kitabu cha Shah kiitwacho The Sufis kilipotoka 1964, utangulizi uliandikwa na Graves.

Huo utangulizi ndio pa kutazama kwa makini. Ndani yake Graves alimtambulisha Shah kwa wasomaji kuwa sheikh mkuu wa tarika, yaani chama cha kisufi, mrithi wa siri za mababu zake, na mzao wa Mtume kwa mstari mkuu wa kiume. Msomaji wa London alipita juu ya maneno hayo kwa heshima tu. Mtoto wa madrasa wa Lamu au Unguja angesimama papo hapo, maana anajua kwamba watoto wa kiume wa Mtume walifariki wakiwa wadogo, na kwamba masharifu wote nasaba yao inapita kwa Bi Fatuma. Mstari wa kiume kutoka kwake haupo. Graves mwenyewe, katika barua kwa rafiki, alikiri kuwa utambulisho ule ulikuwa wa kupotosha. Hata hivyo ulibaki kitabuni, na kitabu kikasafiri.

Kilichokuwa kizuri

Wasomaji wa Kiingereza hawakuwa wageni kabisa wa usufi kabla yake. Inayat Khan, mwanamuziki wa India, alifika Marekani 1910 na akafundisha usufi wa watu wa dini zote. Huko Cambridge, R. A. Nicholson alitafsiri Mathnawi nzima, utenzi mrefu wa Rumi, mshairi wa kisufi wa Kiajemi, kazi ya majuzuu manane yaliyotoka kati ya 1925 na 1940. Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini ni ya maktaba. Mahali Rumi alipoweka mzaha mzito wa chumbani, Nicholson aligeuza beti hizo kwa Kilatini ili msomaji wa kawaida asione haya. Rumi alikuwa amezitia makusudi, watu wacheke, na wakiwa bado wamefungua midomo wapate dawa.

Shah akapita njia ya jamvini. Mwaka 1966 alitoa kitabu cha kwanza cha visa vya Mulla Nasrudin, kikiwa na michoro ya Richard Williams, na 1967 kikafuata kile cha hadithi za madarweshi. Lugha yake ni nyepesi, sentensi fupi, hakuna maelezo ya chini ya kurasa yanayomkimbiza mtu. Chukua kile kisa cha mpakani. Kila siku Nasrudin anavuka mpaka na punda waliobeba majani makavu. Kila siku anasema wazi kwamba yeye ni mtu wa magendo. Walinzi wanampekua, wanachoma mikono ndani ya majani, mara nyingine wanayalowesha, wanayachoma moto. Hawapati kitu, na mtu anazidi kutajirika. Miaka inapita, anastaafu na kuhamia nchi nyingine, na huko anakutana na mmoja wa walinzi wale. "Sasa niambie, Mulla. Ulikuwa unavusha nini?" "Punda."

Ukikisoma polepole utaona kazi iliyofanyika. Msimulizi amekutajia punda tangu sentensi ya kwanza, wala hakuwaficha. Lakini kwa kuwa mlinzi anachoma mkono kwenye majani, jicho lako nalo limeingia kwenye majani, na wewe msomaji umepekua pamoja naye mpaka mwisho. Shah alikieleza kisa hiki kwamba kinachotafutwa na masufi kiko karibu na mtu kuliko anavyodhani. Aliwaonya wasomaji wasiikamue hadithi funzo moja kisha waitupe kama tui la kwanza lililokwisha chujwa. Ikae akilini, irudi siku yake. Wanasaikolojia kama Robert Ornstein wa California walivutwa na wazo hili, kwamba hadithi ni chombo cha kuzoeza fikra. Bibi yangu hakusoma saikolojia, ila kisa cha sufuria nilikielewa vizuri nilipokuwa na miaka thelathini na nilipokuwa karibu kutia saini mkataba uliokuwa na faida isiyoelezeka.

Ile hadithi ya kijito na jangwa nayo ni ya kusomwa. Kijito kimetoka milimani, kimevuka kila kizuizi, kimefika mchangani na maji yanaishia. Mchanga unakinong'oneza kwamba upepo unavuka jangwa, nacho kiachie upepo ukibebe. Kijito kinaogopa: kikiyeyuka, nani atathibitisha kitakuwa kijito kilekile upande wa pili? Mwishoni kinapanda kuwa mvuke, na kinashuka mvua kwenye mlima wa mbali. Shah ameiandika kwa ukurasa na nusu hivi, na chini yake kaweka maelezo mafupi ya darweshi wa Tunisia aliyeisimulia. Kila hadithi ya kitabu kile ina maelezo ya namna hiyo: imetoka kwa nani, wa wapi. Kwa jicho letu hizo ni kama isnadi ndogo, minyororo ya waliopokezana habari, ila ni nyembamba mno kwa mtu kuweza kuzifuata hadi chimbuko.

Kilichokatwa

Hapa ndipo Mwislamu wa pwani anapoanza kukaa vibaya kitini. Katika vitabu hivi masufi wanacheka, wanasafiri, wanatega mitego ya maneno, lakini huwaoni wakiswali. Shah alifundisha kwamba usufi ni hekima ya kale kuliko dini yoyote, na kwamba Uislamu ni vazi ulilovaa mahali na wakati fulani. Aliutafutia nyayo mpaka kwa washairi na watawa wa Ulaya ya kale, akiunganisha mambo ambayo wanachuoni walisema hayaunganiki. Annemarie Schimmel, Mjerumani aliyeitumia karibu umri wake wote katika elimu ya tasawufi, yaani usufi, aliwaonya wanafunzi makini wakae mbali na vitabu hivyo.

Nenda halaka yoyote ya kwetu uone tofauti. Isha imeswaliwa. Watu wamekaa duara, udi unafuka, fatiha inasomwa. Kisha yanatajwa majina: khalifa wa hapa alipokea kwa sheikh fulani, naye kwa fulani, jina baada ya jina mpaka kwa Mtume. Kwa watu wengi wa tarika ya Qadiriyya wa pwani mnyororo unapita kwa Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa 1909. Kwa Shadhiliyya unapita kwa Sheikh Muhammad Maarufu wa Ngazija, aliyefariki 1905. Baada ya majina ndipo zikiri inainuka, pumzi za watu arubaini zikawa pumzi moja. Uradi una saa yake, na ijaza, idhini ya kufundisha, hutolewa kwa mkono, mbele ya watu. Mtu akizuka na silsila, yaani mnyororo wa majina kama huo, ya kujitungia, atapatikana mzee pembeni atakayeuliza taratibu: uliipokea wapi, mwaka gani, nani alikuwapo?

Sisemi kwamba hadithi haziwezi kuvuka bila halaka. Sufuria ya Abunuwasi ilivuka bahari bila kutawadha. Ninachosema ni kwamba hadithi na silsila ni mambo mawili, na kila moja lina mizani yake. Hadithi unaipima kwa inavyokufanyia. Silsila unaipima kwa majina na mashahidi. Shah alikuwa na utajiri wa cha kwanza, lakini kila alipobanwa alijitanguliza na cha pili.

Hilo lilionekana wazi katika kisa cha J. G. Bennett. Huyu alikuwa mwanafunzi wa Gurdjieff, mwalimu wa mambo ya kiroho aliyefariki 1949 na kuwaacha wafuasi wake wakingoja ishara kutoka kwa wakubwa wasiojulikana wa mashariki. Bennett aliongoza jumuiya yake Coombe Springs, nyumba yenye bustani kubwa karibu na London. Shah alimjia na habari kwamba ametumwa na walinzi wa mapokeo hayo. Baada ya mashauri marefu, Januari 1966 jumuiya ikamkabidhi nyumba yote bila sharti, kama alivyotaka. Kabla mwaka haujaisha ikauzwa kwa mjenzi wa nyumba kwa pauni 100,000 na ushei, na Shah akahamia Langton House, huko Kent. Bennett alilieleza jambo hili baadaye katika maisha aliyojiandikia. Mimi nililisoma na kurudi nyuma kulisoma tena, kwa sababu halikuhusu hadithi hata moja. Watu wale walitoa nyumba kwa ajili ya nasaba.

Tarbia za Khayyam

Sasa kisa chenyewe. Mwaka 1967 kampuni ya Cassell ya London ilitoa tafsiri mpya ya Rubaiyat, beti za Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi, watafsiri wakiwa Robert Graves na Omar Ali-Shah, kaka yake Idries. Graves hakujua Kiajemi. Omar alimpa maana, yeye akatia ushairi. Walitangaza kwamba tafsiri yao inatokana na mswada ulioandikwa 1153, uliohifadhiwa na ukoo wa Shah kwa miaka mia nane. Khayyam alifariki 1131. Mswada wa miaka 22 tu baada ya kifo chake ungekuwa lulu isiyo na mfano. Wanachuoni wangevuka bahari kwa miguu kuugusa.

Ili kuona tatizo lilipoingia, inabidi tuelewe rubai ni nini. Ni ubeti wa mishororo minne unaojitegemea, na jina lake ni ndugu wa neno letu tarbia. Yote mawili yamezaliwa na "nne" ya Kiarabu. Katika miswada mingi ya Kiajemi rubai hupangwa kwa kufuata herufi ya mwisho ya kina, kama kamusi. Hazisimulii kisa kimoja. Aliyezipa mwendo wa kisa ni Mwingereza, Edward FitzGerald, alipozitafsiri kwa Kiingereza 1859. Alichukua rubai kutoka miswada zaidi ya mmoja, akaunganisha mbili hapa, akapunguza moja pale, kisha akazipanga kwa ladha yake, alfajiri kuwa mwanzo na mwezi unaochomoza kuwa mwisho. Mpangilio ule ni wake. Haupo Uajemi.

Mwaka 1899 Edward Heron-Allen akatoa kitabu cha kumsaidia msomaji mdadisi: chini ya kila ubeti wa FitzGerald aliweka mistari ya Kiajemi aliyodhani ndiyo chanzo chake. Kwa hiyo kitabu cha Heron-Allen kina maneno ya Kiajemi, lakini yamepangwa kwa mpangilio wa Mwingereza.

L. P. Elwell-Sutton, mwalimu wa Kiajemi chuo kikuu cha Edinburgh, akakilinganisha kitabu cha Graves na kile cha Heron-Allen. Beti zilizodaiwa kutoka mswada wa 1153 zilikuwa zinafuata chaguo la Heron-Allen. Meja Bowen, naye mjuzi wa Kiajemi, aliona hivyohivyo. Tuseme wazi maana yake: mwandishi wa karne ya 12 angekuwa amebahatisha mpangilio ambao Mwingereza wa karne ya 19 angekuja kuubuni mezani kwake. Hakuna haja ya kujua Kiajemi kuona hilo. Ni sawa na mtu alete hati ya kale ya Mwana Kupona, ukakuta mashairi yamepangwa kama yalivyo katika kitabu cha shule ulichosomea, na makosa ya chapa yakiwa palepale.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba hoja ya Graves ilikuwa na ukweli ndani yake. Alimlaumu FitzGerald kwa kumgeuza Khayyam mlevi asiyeamini kitu. Kwamba mvinyo katika ushairi wa kisufi unaweza kuwa mapenzi ya Mungu, yeyote aliyekaa kwenye maulidi akasikiliza kasida anajua. Kama Khayyam mwenyewe alikuwa sufi, wanachuoni wanabishana hadi leo, na ni ubishi mzuri. Graves angeweza kuuingia kama mshairi, akasema: mimi nazisoma hivi. Badala yake aliuweka mguu wote juu ya mswada ambao hakuwahi kuuona.

Wanachuoni wakaomba kuuona. Ombi lenyewe ni la kawaida, ndilo analoulizwa kila mtu anayetangaza hati. Idries hakutafsiri ubeti hata mmoja wa kitabu kile, lakini yeye ndiye Graves aliyemwamini, na kwake ndiko macho yalikogeukia. Ikasemwa mswada uko kwa mzee Ikbal Ali Shah. Novemba 1969 mzee akagongwa na gari huko Tangier, Morocco, akafariki. Mwaka uliofuata Graves akamwandikia Idries, akimsihi mswada utolewe, jina lake lisafike. Idries akajibu kwamba hauko mikononi mwake, na kwamba hata ungeonyeshwa, wabishi wasingenyamaza.

Kila nikifika kwenye jibu hilo namkumbuka jirani wa Abunuwasi. Graves alikuwa ameipokea ile sufuria ndogo mwaka 1964, mzao wa mstari mkuu, sheikh mkuu, siri za mababu, na hakuuliza, kwa kuwa zawadi ilimpendeza na yeye mwenyewe aliiandika utangulizini. Mwaka 1970 akaambiwa sufuria kubwa haipo. Angeanzia wapi kudai? Alikuwa mzee wa miaka 75, kumbukumbu zikianza kumtoka, na doa hilo liliandamana na jina lake mpaka alipofariki 1985. Mswada haukuonekana wakati huo, wala haujaonekana mpaka leo.

Wasimulizi wetu wa zamani walikuwa na namna ya kufunga ngano: ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu peke yangu. Nimeisikia tangu utoto kama kibwagizo tu. Kisa cha mswada kilinifanya niisikilize. Msimulizi anasema uzuri wa hadithi si wa ukoo wake, na kama ameiharibu asilaumiwe babu. Familia ya Shah ilipindua. Hadithi zilizokuwa za wote, za Mturuki na Mwafghani na bibi yangu, zikawekwa chini ya kivuli cha nyumba moja. Na kosa lilipotokea, halikupata mwenyewe.

Upande wa wanaomtetea

Wanafunzi wake wana jibu, na nalichukulia kwa uzito. Wanasema Shah alikuwa anawafundisha watu wa magharibi kwa kiasi walichoweza kumeza, na kwamba anayeng'ang'ania karatasi ni yule mlinzi wa mpaka mwenye mikono kwenye majani. Mwandishi Doris Lessing, aliyezaliwa Uajemi, akakulia Zimbabwe ya leo, na akapata Tuzo ya Nobeli 2007, alikisoma The Sufis mwaka kilipotoka na hakumwacha Shah tena maisha yake yote. Lessing hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Alikuwa amekwisha pita kwenye chama cha kikomunisti na kutoka, anajua kundi linavyomfunga mtu macho.

Na Shah mwenyewe, kwa haki yake, hakujifanya mungu mdogo. Miaka ile vijana wa Ulaya walimiminika kwa walimu wenye kanzu na maua shingoni; yeye alivaa suti, akawaambia kwamba wengi wao hawatafuti elimu bali wanatafuta kuangaliwa, na kwamba wakishapata marafiki wa kukaa nao waje waone kama bado wana kiu ya kujifunza. Mafundisho hayo yako katika kitabu chake cha 1978 kuhusu kujifunza namna ya kujifunza, na kwangu ndiyo bora kuliko yote aliyoyaandika kwa maneno yake mwenyewe. Ningependa kila anayejiunga na kikundi chochote ayasome kabla ya kutoa sadaka yake.

Kwa hiyo nakubaliana nao kuhusu hadithi, asilimia mia. Hadithi haidai kuwa hati, kwa hiyo haiwezi kughushiwa. Lakini aliyesema "ninao mswada wa mwaka 1153" amejitoa jamvini kwa hiari yake, ameingia mahakamani, na huko kuna maswali ambayo Paukwa haiyajibu. Elwell-Sutton aliyauliza tena mwaka 1975 katika makala kali iliyotenganisha usufi na kile alichokiita usufi wa bandia. Makala ina ukali ambao pengine ulizidi, maana haikuona uzuri wowote katika visa vya Mulla. Swali lake kuu halikupata jibu.

Hadithi zinaporudi

Idries Shah alifariki London tarehe 23 Novemba 1996, akiwa na miaka 72. Octagon ilifungwa baadaye, na vitabu vyake sasa vinatolewa na wakfu wenye jina lake. Hakuacha khalifa. Nadhani hilo lilikuwa jambo la busara kuliko mengi aliyoyafanya kuhusu urithi.

Taasisi aliyoianzisha Ornstein huko Marekani ilichukua hadithi zake kadhaa ikazifanya vitabu vya watoto, vyenye picha za rangi kali. Baadhi vikachapwa kwa lugha mbili, Kidari na Kipashto, vikapelekwa Afghanistan na kugawiwa mashuleni, katika nchi iliyokuwa imechomwa na vita kwa miongo. Jalada lina jina la Shah. Mtoto wa huko hana habari za Mallorca wala Coombe Springs.

Kimoja cha vitabu hivyo kinahusu simba. Wazee wetu wanaijua Kalila na Dimna, ambamo simba anaona sura yake kisimani, anadhani ni adui, anajirusha ndani kumpiga na kufa. Rumi naye aliisimulia. Katika hadithi hii ya watoto simba ana kiu. Anafika kwenye maji, anaona simba mwingine anamtazama, anaogopa na kurudi nyuma. Anakuja tena, yule bado yupo. Kipepeo anamwambia ni wewe mwenyewe huyo, hamwamini. Jua linapanda, ulimi umekauka, na mwisho kiu inashinda woga: anatia kichwa majini. Yule simba mwingine anatoweka, na maji yako pale, baridi, na simba anakunywa.